Mwaka Walioniita Mama Ndiyo

"Mbona na wewe una meno hayo hayo, na umeolewa?"

Hayo ndiyo maneno aliyoniambia Mtendaji wa kijiji chetu, ofisini kwake, saa nne asubuhi, huku anatafuna andazi. Nilikuwa nimesimama mbele ya meza yake na Debora mgongoni, mtoto wa mwaka mmoja na miezi minne, na nilikuwa namwomba jambo moja tu: afunge kisima kirefu cha kitongoji chetu, kwa sababu maji yake yalitangazwa kuwa mazuri bila kupimwa. Ilikuwa mara yangu ya tisa kumwomba. Mara nane alinijibu kistaarabu: njoo Jumatatu, Dokta hajaleta ripoti, wilaya wana taarifa, subira mama. Mara ya tisa ustaarabu ukamwishia. Akaniangalia mdomoni, akasema hilo la meno, na mgambo aliyekaa mlangoni akacheka. Sikatai, nimezaliwa na kukulia huku Mbulumbulu, meno yangu ni ya kahawia na yana vishimo, na picha zangu zote za shule nimefunga mdomo. Nimetaniwa sana na nimezoea. Lakini siku ile hakuwa ananitania mimi. Alikuwa anampangia mwanangu meno ambayo bado hayajaota. Nikavuta kitabu cha wageni kilichokuwa pembeni ya meza, nikafungua ukurasa mweupe, nikakibwaga juu ya andazi lake. "Andika," nikamwambia. "Andika hayo uliyosema. Jina, cheo, tarehe, halafu piga muhuri." Akasema, "Mama Debora, punguza jazba." Nikamjibu, "Sina jazba, nina mtoto. Andika." Mgambo akaacha kucheka. Mtendaji akaiangalia kalamu, akauangalia mlango, akaanza kupangusa mafuta ya andazi kwenye kitabu cha serikali kwa kiganja cha mkono. Hakuandika. Nikamwambia basi, nitaandika mimi.

Na mtu aliyeyatangaza maji yale kuwa ni mazuri, mbele ya mkutano wa hadhara, kwa sauti, hadi watu wakapiga makofi, nilikuwa mimi.

Naandika haya leo kwa sababu wiki iliyopita Debora aling'oka jino la kwanza. Anakaribia miaka sita sasa. Alinijia mbio na jino kiganjani, akalirusha juu ya bati kama watoto wote wanavyofanya, majirani wakanipa hongera. Mimi nikampeleka dirishani, nikamfungua mdomo, nikaangalia pengo. Ufizi mtupu, mwekundu. Jino la ukubwani limo humo ndani, linasubiri kutoka, na kazi kubwa ya kulitengeneza ilianza akiwa ananyonya na kunywa uji wake wa kwanza. Hilo sikulisoma shule. Nililisikia mwaka ule, kwenye chumba chenye harufu ya spiriti, na tangu wiki iliyopita kila asubuhi namwambia mtoto acheke nimwone. Anadhani ni mchezo. Kwa hiyo nimeona niuandike mwaka wenyewe, kabla ufizi haujanijibu, nisije nikauandika kwa namna ya kujitetea.

Chumba hicho kilikuwa Karatu mjini, nyuma ya gesti moja, ukuta mmoja na gereji wanakotengenezea magari ya watalii. Watafiti kutoka chuo kimoja walikodi vyumba viwili: cha mbele cha chupa na makaratasi, cha ndani cha mashine. Walikuwa wanapima maji ya kunywa, kuanzia vijiji vyetu vya juu mpaka ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, wakitafuta floraidi, yale madini yanayoharibu rangi ya meno na, yakizidi sana, yanapinda miguu ya watoto. Mimi walinichukua kwa sababu nina cheti cha kidato cha nne, naongea Kiiraqw cha nyumbani na Kimasai cha mnadani, na sikuogopa kupanda gari na mtoto wa miezi mitatu mgongoni. Mkubwa wao tulimwita Dokta. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwenye tabia ya kusema "sawasawa" kabla hujamaliza sentensi. Aliyekuwa anakaa na mashine ni Rehema, fundi wa maabara, msichana wa Tanga ambaye baridi ya Karatu ilimfanya avae sweta mbili na koti jeupe juu yake, akaonekana mnene kuliko alivyo. Tulikatazwa kula ndani, kwa hiyo mchana tulikalia ndoo zilizopinduliwa barazani, tukala makande niliyotoka nayo nyumbani. "Nyie watu wa huku," Rehema alikuwa ananiambia, "magadi mnaweka kama chumvi, na yamejaa floraidi. Siku moja nitayapima haya makande yako, mashine itapiga kelele." Nikamwambia apime na yale maandazi yake ya iliki, huenda yakakutwa na hewa tupu.

Ndani ya kile chumba ndiko nilikopenda kazi, na nasema wazi nilipenda, kwa sababu kuipenda kulichangia kuniponza. Mashine yenyewe inaitwa spektrofotomita, ni sanduku la kijivu lisilozidi redio ya mzee. Rehema anachukua maji ya kisima, anaweka dawa nyekundu, anamimina kwenye kichupa cha kioo cha mraba, anakifuta kwa karatasi laini hadi alama za vidole zitoke, anakiingiza, anafunga kifuniko. "Mwanga unaingia upande huu, unatokea upande ule," alinifundisha. "Sisi tunatafuta kiasi gani kimemezwa njiani." Na dawa ile ina ujanja wake: floraidi ikiwa nyingi inaula wekundu. Maji mazuri hubaki mekundu kama juisi ya rosela. Maji mabaya yanapauka. Dirishani alikuwa amepanga vichupa vitano vya kulinganishia, kuanzia chekundu kabisa hadi chenye rangi ya waridi hafifu, na mimi baada ya wiki chache nilikuwa naweza kukisia jibu kwa macho kabla mashine haijasema. Nilikuwa nakisia kwa sauti na kupatia. Rehema akanipigia saluti. Dokta akasema, "Paskalina, sawasawa, wewe ungeendelea na shule ungekuwa mbali." Maneno hayo niliyabeba wiki nzima. Nilianza kujiita mtu wa maabara mbele ya majirani. Mtu wa maabara, mwenye D ya kemia.

Kitu kingine walichonisifia ni mwendo. Kila kaya tuliyochukua maji ilijaziwa dodoso: kuna mtoto chini ya miaka mitano, mnachemsha maji, mnatumia magadi, mna choo. Majibu ni ndiyo au hapana. Ukiandika maneno hayo mara arobaini kwa siku, umesimama shambani, upepo unakunyang'anya karatasi na mtoto analia, utatafuta njia ya mkato, na mimi niliipata siku ya pili: HP kwa hapana, ND kwa ndiyo. Dokta aliona, akacheka, akasema ninakimbia kuliko wenye digrii. Wenzangu wawili wakaiga. Mpaka tunamaliza, madodoso yote ya mradi yalikuwa yamejaa ND na HP, kwa mwandiko wa watu watatu.

Endulen tulikwenda Debora akiwa na miezi mitano. Tulivuka geti la Hifadhi alfajiri na barua zetu za kibali, ukungu ukiwa umekaa ukingoni mwa kreta, na tulifika kwenye boma la kwanza jua limeshakuwa kali. Nikawasalimia akina mama, "Takwenya," wakaitika, "Iko," halafu bibi mmoja, waliyemwita Koko, akaniuliza kwa Kimasai tunataka nini safari hii. Nikamwambia maji. Akawageukia wenzake, akasema kitu, wote wakacheka mpaka shanga zikalia. Nikamwomba anitafsirie na mimi nicheke. "Nimesema mwaka ule walikuja kuchukua mkojo," akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Mwaka huu maji. Mwakani watakuja kuchukua mate. Wanapeleka, hawarudi. Tunawaita watu wa chupa." Dokta, aliyekuwa mbali akishusha chupa garini, aliuliza bibi amesema nini. Nikamwambia anatukaribisha. Koko akaniangalia kwa jicho la kujua kuwa nimedanganya, akanipa maziwa ya mgando kwenye kibuyu, akaninong'oneza, "Wewe una mtoto. Wewe urudi." Nilisema nitarudi. Nilisuuza chupa mara tatu kwa maji yale yale ya bwawa lao, kama nilivyofundishwa, nikajaza, nikaandika namba, tukaondoka. Sijarudi mpaka leo, na hilo nalo liko kwenye hesabu yangu, ingawa si la kuandikia barua.

Sasa kisima kirefu. Kilichimbwa kitongojini kwetu mwaka ule ule, kikafungwa pampu ya jua na bomba mbili, na maji yake yalikuwa meupe kiasi kwamba watu waliyatia kwenye glasi na kuyaangalia tu. Kabla yake tulikuwa tunateka chemchemi ya msituni, saa nzima kushuka na saa na nusu kupanda na ndoo, na masika maji yanakuja na tope na majani. Ukimwambia mama wa kwetu achague kati ya maji meupe mlangoni na maji ya tope bondeni, unamtania. Sampuli ya kisima nilichukua kwa mkono wangu, nikaipeleka Karatu kwenye boksi la baridi. Siku iliyofuata Debora akashikwa na homa na kikohozi, nikakaa nyumbani siku nne. Katika siku hizo nne umeme wa Karatu ulikatika ukarudi kwa kishindo, stabilaiza ya kuilinda mashine ikashindwa, na taa ya ndani ya spektrofotomita ikaungua. Bila taa hakuna mwanga wa kumezwa. Taa ya kubadilishia ilikuwa ya kuagizwa nje ya nchi. Mimi niliporudi, chumba cha ndani kilikuwa kimefungwa, Rehema ameshaenda kwao kungoja, na Dokta alikuwa anakusanya karatasi kwa haraka kwa sababu muda wa kutoa mrejesho vijijini ulikuwa umefika. Nikamuuliza, "Dokta, vipimo vya kwetu vimeisha?" Akasema, "Sawasawa, sawasawa, nitaleta mezani." Nikatosheka na sawasawa.

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule. Dokta hakufika, alituma karatasi kwa dereva na ujumbe kwamba ameitwa Arusha. Mtendaji akaigeuza ile karatasi huku na huku, akaniona nimekaa na akina mama, akasema kwenye kipaza sauti, "Mtaalamu wetu yupo, wa hapa hapa nyumbani. Mama Debora, pita mbele." Watu wakashangilia. Nilimpa jirani yangu mtoto, nikajifuta vumbi la magoti, nikapita. Karatasi ilikuwa na jedwali fupi la Kiswahili, lililotengenezwa makusudi kwa ajili ya wananchi. Safu ya kushoto majina ya vyanzo vya maji. Safu ya kulia imeandikwa: Floraidi iko ndani ya kiwango? Chemchemi ya msituni, Ndiyo. Kisima kifupi cha shule, Hapana. Kisima kirefu kipya, ND. Sikusita hata nusu sekunde. Ningesita kwa nini, na mimi ndiye niliyeileta ND duniani? Nikasoma kwa sauti ya mtu wa maabara: "Kisima kirefu kipya, ndiyo!" Makofi. Vigelegele. Bibi mmoja akaja kunikumbatia, akaniita binti wa kijiji. Mtendaji akatangaza bomba limefunguliwa rasmi. Jioni ile nilikoroga uji wa kwanza wa Debora wa lishe kwa maji yale, na nikajisifu kwamba uji wa mwanangu hautakuwa na mchanga.

Miezi sita. Kila asubuhi kikombe, kila jioni kikombe, na cha katikati akilia. Njia ya chemchemi ikaota majani. Nilinenepa kidogo, wanawake wote tulinenepa kidogo, kwa kuacha kupanda kilima na ndoo. Huo ndio wakati niliokuwa na furaha kuliko wowote mwaka ule, na ndio unaonitoa jasho nikiukumbuka.

Halafu Rehema akapiga simu. Nilikuwa jikoni, nachambua maharage. "Dada Paskalina, habari za siku! Nimerudi Karatu. Taa imefika. Naomba unisaidie kitu, uniletee sampuli mpya ya kile kisima chenu kirefu, ile ya zamani imekaa mno. Nimalizie vile ambavyo hatukupima."

"Vipi ambavyo hamkupima?" nikauliza.

"Vile vya wiki ile taa ilipoungua. Cha kwenu na vingine viwili."

"Cha kwetu kilipimwa. Nimesoma mwenyewe. Kilikuwa na ndiyo."

Nasikia gereji inagonga chuma upande wa pili wa simu. Kisha Rehema akasema polepole, "Ilikuwa imeandikwaje, dada? Nisomee herufi."

"N. D."

"Mungu wangu," akasema. "Hiyo siyo ndiyo."

Nilisuuza chupa mara tatu kwenye bomba letu, nikajaza, nikapanda pikipiki na mtoto mgongoni. Rehema alinieleza huku anawasha mashine. ND ni kifupisho cha Kiingereza wanachotumia maabara. Dokta alikuwa amekiandika kwa maana ya haikupimwa. Ubaya wake, maabara nyingine hukitumia hicho hicho kwa maana ya haikuonekana, kwamba wametafuta madini wakayakosa. Na wilaya, walipopata nakala, waliielewa hivyo, wakakiweka kisima chetu kwenye orodha ya vyanzo visivyo na floraidi kabisa. Kwa hiyo Dokta aliandika hatujui. Wilaya wakasoma hakuna. Mimi nikasoma ndiyo. Na hakuna hata mmoja aliyemuuliza mwenzake. "Kwa nini hakuandika haikupimwa?" nikauliza. Rehema akasema, "Alikuwa na haraka, na alikuwa amezoea." Sikuweza kumtukana, kwa sababu hata mimi nilikuwa na haraka na nilikuwa nimezoea.

Akapanga vichupa vitano dirishani. Akatia dawa nyekundu kwenye maji ya kisima chetu. Sikuhitaji mashine. Wekundu uliondoka mbele ya macho yangu, ukapita rangi ya kichupa cha tatu, cha nne, ukapita na cha tano, ukabaki wa maji yaliyosuuziwa kikombe cha juisi. Rehema akafuta kioo, akakiingiza, akafunga. Mashine ikakataa kutoa namba; ilikuwa juu ya kipimo chake. Akayachanganya nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa, yasiyo na madini yoyote, akarudia. Ikakataa tena. Debora alikuwa anachezea mkanda wa koti lake, anacheka, ana meno manne ya maziwa, meupe kabisa. "Haya ni meupe," nikasema. Nilikuwa namsihi. Rehema akachuchumaa, akamshika mtoto kidevu. "Haya yalishaanza kutengenezwa ukiwa na mimba, dada. Ya ukubwani ndiyo yanatengenezwa sasa hivi, humu ndani. Acha kumpa leo. Usisubiri barua." Mara ya tatu ya kuchanganya ndipo mashine ilipotoa namba, na Rehema alipomaliza kuizidisha alirudia hesabu tangu mwanzo. Nikamwomba aniandikie. Akasema akiandika bila idhini ya Dokta atafukuzwa. Nikamwambia ampigie. Dokta alipokea, akasikiliza, nikasikia "sawasawa" tatu, halafu akaomba aongee na mimi. "Paskalina, nimesikia. Tutaweka marekebisho kwenye ripoti ya mwisho. Kwa sasa tafadhali usizue taharuki kijijini." Nikamuuliza ripoti ya mwisho ni lini. Akasema inategemea. Nikamuuliza uji wa kesho unategemea nini. Simu ikakatika; yeye alisema baadaye kuwa ni mtandao.

Siku iliyofuata nilichukua ndoo, nikashika njia ya chemchemi, na niliporudi nikasimama kwenye bomba la kisima nikawaambia akina mama waliopanga foleni: maji haya hayakupimwa, nilisoma vibaya, sasa tumeyapima na ni mabaya, msiwape watoto. Nilitegemea wamwage ndoo. Mama Gidi, jirani yangu, yule aliyenishikia mtoto siku ya mkutano, akaweka mikono kiunoni. "Subiri kwanza. Wewe si ndiye ulisema ndiyo?"

"Ndiyo, mimi."

"Na leo unasema hapana."

"Leo nasema hapana."

"Na kesho?" Foleni nzima ikacheka. "Karatasi yako iko wapi?"

Sikuwa na karatasi. Nilikuwa na rangi iliyofifia, na rangi huwezi kuipeleka bombani. "Mama Ndiyo huyo," mtu akasema nyuma, na jina likanigandia pale pale. Kanisani, sokoni, kwenye vikoba: Mama Ndiyo, leo chumvi inafaa? Mama Ndiyo, mvua itanyesha? Wengine walikuwa wanatania, wengine walikuwa na hofu na waliificha kwenye utani. Mama Gidi mwenyewe alikuja nyumbani wiki ya pili, akakuta nachuja maji ya tope kwa kitambaa. Akakaa. Alikuwa na mjukuu wa miezi minane. "Niambie tena," akasema, "lakini taratibu, na usiniwekee herufi." Nilimweleza tangu mwanzo, pamoja na ujinga wangu. Alipoondoka aliniachia ndoo yake tupu, ili kesho yake tushuke bondeni wote wawili. Nilipiga hesabu ya watu walioniamini: mmoja. Kisha wakawa wanne. Bomba liliendelea kutoka, jeupe, zuri, na mimi nikaanza safari zangu za kwa Mtendaji, moja hadi tisa.

Sasa mnajua nilikuwa nimebeba nini nilipomsikia anataja meno yangu.

Nilitoka ofisini kwake nikapita dukani, nikanunua karatasi za mistari, nikakaa kwenye benchi la nje la zahanati kwa sababu pana kivuli, nikamnyonyesha Debora kwa upande mmoja na kuandika kwa upande mwingine. Sikumwonyesha mtu. Baada ya siku tatu niliipeleka Karatu, kwenye dawati la malalamiko la wilaya. Karani, kaka mmoja mwenye miwani, aliisoma amesimama, akafika katikati, akakaa. "Dada, hapa kwenye walalamikiwa umeandika watatu."

"Ni watatu."

"Wa tatu ni wewe."

"Ni mimi."

"Mtu hajilalamikii mwenyewe. Nifute?"

"Nionyeshe ilipokatazwa," nikamwambia. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akatafuta muhuri. Akaigonga kila ukurasa. Nakala yangu ninayo hapa, na inasomeka hivi:

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MAJI YA KISIMA KIREFU KUTANGAZWA KUWA YANAFAA BILA KUPIMWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkulima, mama wa mtoto mmoja, na nilikuwa msaidizi kwenye mradi wa kupima maji. Nawalalamikia watu watatu.

Wa kwanza ni mtafiti mkuu wa mradi. Alijua kuwa maji ya kisima chetu hayakupimwa floraidi kwa sababu taa ya mashine iliungua. Badala ya kuandika haikupimwa, aliandika herufi mbili kwenye safu ya ndiyo na hapana, na hakuja kuzieleza. Maji yalipopimwa na kuonekana mabaya, alisema tusubiri ripoti.

Wa pili ni Mtendaji wa kijiji. Nimemweleza kwa mdomo mara tisa. Hakufunga kisima na hakuandika popote kuwa nilifika. Mara ya tisa alinijibu kuhusu meno yangu. Mgambo alikuwepo na alisikia.

Wa tatu ni mimi. Nilisoma matokeo mbele ya mkutano nikasema ndiyo, bila kuuliza, kwa sababu nilijiona najua. Nimeshasimama bombani kukiri. Hao wawili hawajasimama popote.

Naomba kisima kifungwe leo, na si baada ya uchunguzi. Naomba kipimwe tukiwepo, na matokeo yasomwe na aliyeyapima, kwa maneno mazima, na kila mwenye swali asikilizwe mpaka aelewe. Naomba watoto wote wa kitongoji walioanza uji kwa maji haya waandikwe majina na yatunzwe ofisini kwenu, ili siku meno yao ya ukubwani yakitoka asipatikane afisa wa kusema kwamba watu wa huku ndivyo walivyozaliwa.

Kwa kuwa najua mtaniambia hamna orodha hiyo, nimepita nyumba kwa nyumba na kuiandika. Imeambatishwa. Jina la kwanza ni la mwanangu.